Fundi wa Mwisho wa Mchezo

Mkulima akipanda mahindi, kazi yake haiishi siku ya kupanda. Atapalilia, atafukuza ndege, atalinda shamba usiku. Lakini wako watu wanaofanya bidii sana mwanzoni, na mahindi yanapokaribia kuiva wanalala usingizi. Nyani wanakuja, wanakula. Asubuhi mwenye shamba analia.

Katika mchezo wa sataranji mambo ni hivyohivyo. Wachezaji wengi huanza vizuri. Katikati ya mchezo hupigana kwa nguvu. Halafu, kete zikibaki chache juu ya ubao, hudhani kazi imekwisha, wakacheza ovyo. Kumbe ndipo kazi ngumu inapoanza! Mtu mmoja aliyelijua jambo hilo kuliko wenzake wengi aliitwa José Raúl Capablanca.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Sataranji ni mchezo wa zamani sana. Ulianzia Bara Hindi, ukaenda Uajemi, Waarabu wakaupokea, na kwa mkono wao ukafika Ulaya. Ubao wake una vyumba 64, vyeupe na vyeusi. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili iliyochongwa mfano wa ngome, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. (Kete ile ya askofu ina majina ya ajabu. Waingereza huiita askofu, Wafaransa huiita mwenda wazimu, na Waarabu huiita ndovu. Kete ni ileile, na mwendo wake ni uleule.) Mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, kisha kila mmoja hucheza kwa zamu yake. Anayemfunga mfalme wa mwenzake asiwe na njia ya kutoka, huyo ameshinda.

Askari ni kete ndogo kuliko zote. Husogea mbele tu, harudi nyuma. Lakini akifika salama kwenye mstari wa mwisho upande wa adui, hugeuka kuwa malkia, na malkia ana nguvu kuliko kete zote. Shikeni neno hili vema, maana mwisho wa mchezo karibu wote unahusu hilo: nani atamfikisha askari wake?

Capablanca alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Havana, kwenye kisiwa cha Kuba. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Uhispania, maana wakati ule Wahispania walikitawala kisiwa kile. Baba alipenda kucheza sataranji na rafiki yake nyumbani, lakini hakuwa fundi. Mtoto, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano, alisimama karibu na meza akiangalia. Hakuna aliyemfundisha. Siku ya tatu baba yake alimwendesha farasi vibaya, akamtoa katika chumba cheupe na kumweka katika chumba kingine cheupe. Farasi hawezi kwenda hivyo. Akitoka cheupe ni lazima aingie cheusi. Rafiki hakuona, na baba akashinda. Mtoto akacheka, akamwambia baba yake kwamba amedanganya.

Baba alikasirika, karibu amtoe nje. Mtoto akamwonyesha kosa lake. Baba akastaajabu, akamwuliza anajua nini juu ya sataranji. Mtoto akajibu kwamba anaweza kumshinda. Baba hakusadiki. Wakapanga kete, wakacheza, na mtoto akamshinda baba yake. Habari hizi Capablanca mwenyewe aliziandika alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1901, alipokuwa na miaka 12, alipambana na Juan Corzo, mchezaji mkubwa wa Kuba. Kijana akashinda michezo minne, Corzo akashinda mitatu, na sita ikaisha bila mshindi. Baadaye akapelekwa New York kusoma. Mwaka 1909 akamshinda Frank Marshall, mchezaji mkubwa wa Marekani, na mwaka 1911 akashinda mashindano ya San Sebastián huko Uhispania, mbele ya mafundi wengi wakubwa. Mwaka 1921 akamshinda Mjerumani Emanuel Lasker katika mji wake wa Havana, akawa bingwa wa dunia. Lasker alikuwa ameushika ubingwa kwa miaka 27, na safari hii hakushinda hata mchezo mmoja.

Mwaka huohuo wa 1921 Capablanca alitoa kitabu cha kufundishia sataranji. Waalimu wengi huanza kwa kufundisha jinsi ya kufungua mchezo. Yeye katika kitabu chake alianza na mwisho: mfalme mmoja na mnara juu ya mfalme peke yake, mfalme na askari juu ya mfalme peke yake. Ndivyo alivyofikiri: mchezaji ajue kwanza mambo ya mwisho, ndipo atajua anakokwenda tangu mwanzo. Mtu asiyejua njia inafika wapi, atachaguaje njia penye njia panda?

Sasa tazameni jambo la kwanza alilofundisha. Chukueni chaki, chora ubao sakafuni. Mistari minane ya kwenda juu ipeni herufi a, b, c, d, e, f, g, h, toka kushoto kwenda kulia. Mistari minane ya kukata ipeni namba, 1 chini hata 8 juu. Hivyo kila chumba kina jina lake, kama nyumba ya mjini: e4, c7, g5. Wasio na kete watumie punje za mahindi kwa weupe na maharagwe kwa weusi. Weupe wako chini, weusi wako juu.

Wekeni mfalme mweupe katika e4, na askari wake nyuma yake katika e3. Mfalme mweusi yuko e6. Hakuna kete nyingine. Wafalme wawili wanatazamana, na kati yao kuna chumba kimoja kitupu. Sheria inasema mfalme asimkaribie mfalme mwenzake hata wakagusana. Basi hakuna anayeweza kusogea mbele. Wamefanana na wanaume wawili waliokutana katika daraja la mti mmoja.

Nani mwenye nguvu hapo? Mtu angesema: yule mwenye zamu ya kucheza, maana ana nafasi ya kufanya jambo. Sivyo! Mwenye zamu ndiye mwenye shida. Ikiwa ni zamu ya mweusi, ni lazima aondoke. Akienda kando d6, mfalme mweupe anapita upande wa pili, f5. Akienda f6, mweupe anapita d5. Akirudi nyuma e7, mweupe anamfuata e5, wanatazamana tena, na mweusi ni lazima aondoke tena. Hivyo mfalme mweupe anasogea mbele kidogokidogo, akimfungulia askari wake njia, mpaka askari anageuka malkia. Lakini ikiwa ni zamu ya mweupe, mambo yanageuka. Yeye ndiye anayeondoka; mweusi anamfuata kila aendako na kusimama mbele yake, na askari hafiki. Mchezo unaisha bila mshindi. Kete ni zilezile, vyumba ni vilevile, tofauti ni zamu tu.

Jambo hili dogo huwashangaza wengi. Katika mwanzo wa mchezo kila mtu hutamani zamu iwe yake. Mwishoni mara nyingine zamu ni mzigo.

Jambo la pili ni juu ya mfalme. Mwanzoni mfalme hujificha nyuma ya askari wake, maana malkia na kete nyingine za adui zingemfunga mara moja. Mchezaji aliyezoea kumficha huendelea kumficha hata zile kete kubwa zikiisha. Hilo ni kosa kubwa. Malkia wakiisha kuondoka, mfalme hana hofu kubwa tena. Anaweza kutembea. Naye ni kete yenye nguvu: hugusa vyumba vyote vinane vinavyomzunguka. Mwishoni mfalme aliyekaa nyumbani ni kama mtu mwenye nguvu aliyelala wakati wenzake wanavuna.

Michezo ya Capablanca ilionyesha jambo hilo mara nyingi, lakini mchezo mmoja watu wanaurudia mpaka leo. Ulichezwa mwaka 1924 katika mji wa New York.

Wachezaji 11 walikuwa wamekusanyika kwa mashindano makubwa. Capablanca alikuwa bingwa wa dunia, na tangu mwaka 1916 hakuwa ameshindwa katika mchezo wo wote wa mashindano. Miaka minane! Watu wengine walianza kusema kwamba mtu huyu hashindiki, amekuwa kama mashine. Basi mwezi wa Machi, Richard Réti akamshinda. Watu walishangaa sana, na habari zikaenea. Kila mtu alijiuliza: Je, nguvu zake zimekwisha? Mchezaji aliyezoea kushinda akianguka mara moja, mara nyingi huanguka tena, kwa sababu hofu imemwingia.

Muda mfupi tu baada ya kushindwa huko alikaa mezani na Savielly Tartakower. Huyu alikuwa mtu wa masomo mengi, mwanasheria, mwenye maneno ya kuchekesha na mwenye akili kali. Capablanca alikuwa na kete nyeupe. Malkia wakaondoka, farasi na maaskofu wakaondoka, na mwisho kila mmoja akabaki na mfalme, mnara mmoja na askari watano.

Pangeni kete zenu hivi. Weupe: mfalme f3, mnara h7, na askari a4, c3, d4, f4 na g5. Weusi: mfalme f8, mnara c6, na askari a7, b6, c7, d5 na f5. Zamu ni ya weupe.

Hesabuni. Askari watano kwa watano, mnara kwa mnara. Mtu akihesabu tu atasema hakuna aliyemzidi mwenzake. Tena mnara mweusi unamtazama askari wa c3, na hakuna anayemlinda. Mchezaji wa kawaida angeogopa. Angekimbia kumlinda askari wake, mfalme akakaa hapo kama mlinzi, na mambo yangesimama.

Lakini tazameni tena, si kwa kuhesabu, bali kwa kuuliza kila kete inafanya kazi gani. Mnara mweupe wa h7 umekaa katika mstari wa 7, na kwa hiyo mfalme mweusi amefungiwa katika mstari wa 8. Hawezi kutoka. Askari mweupe wa g5 hana askari mweusi wa kumzuia mbele yake wala kando yake. Njia ya kwenda g8 iko wazi. Anachohitaji ni msaidizi mmoja. Na msaidizi ni nani? Ni mfalme.

Capablanca akamsogeza mfalme g3. Hakumlinda askari wa c3! Mnara mweusi ukamla, tena ukamtisha mfalme. Mfalme akaenda h4. Mnara mweusi ukaja f3 ili umle askari wa f4. Capablanca hakumlinda huyo pia. Akamsukuma askari wake wa g5 mpaka g6. Mnara ukamla wa f4 na kumtisha mfalme tena. Sasa weusi wana askari watano, weupe wana watatu tu. Watazamaji wasiojua wangesema bingwa amepoteza akili.

Mfalme akaingia g5, akiutisha mnara mweusi. Mnara ukakimbilia e4. Hapo palikuwa na askari mweusi wa f5 karibu na mfalme, na mfalme angeweza kumla bure. Mtu mwenye njaa angemla. Capablanca akamwacha, akapita kando yake mpaka f6.

Kwa nini alimwacha? Hapa ndipo penye utamu wa mchezo huu. Mfalme akiwa f6, askari mweusi wa f5 amesimama nyuma yake kama ukuta. Mnara mweusi hauwezi kumtisha kwa kupitia mstari wa f, maana askari wake mwenyewe anauzuia. Capablanca alimfanya askari wa adui kuwa ngao yake. Kama angemla, angebaki uwanjani kama mtu aliyebomoa ukuta unaomkinga na mvua.

Na sasa mfalme, mnara na askari wa g6 wote watatu wamemzunguka mfalme mweusi. Mnara mweupe ukienda h8, mchezo umekwisha mara moja. Mnara mweusi hauna nafasi ya kula askari wa d4. Ukimla tu, mfalme wake amefungwa. Tartakower akamsogeza mfalme wake g8. Mnara mweupe ukamtisha kutoka g7, mfalme mweusi akaingia pembeni h8, na mnara mweupe ukarudi kula c7. Mnara mweusi ukalazimika kurudi nyumbani e8 kuzuia mauti. Wenye askari wengi wamekuwa wafungwa. Wenye askari wachache ndio wenye kuamuru.

Kisha Capablanca akaanza kukusanya madeni yake. Sasa alimla askari wa f5, kwa sababu hakuwa na hatari tena. Akamla wa a7, akamla wa d5. Askari wake wa d4 akaanza kutembea kwenda mbele, na yule wa g akiwa amefika g7. Mnara mmoja hauwezi kuwazuia askari wawili wanaokwenda mbalimbali. Weupe walipocheza mara ya 52, Tartakower akakubali kwamba ameshindwa.

Askari wawili alitoa, na alichopata kwa bei hiyo ni nafasi chache tu: mfalme wake afike f6 mapema. Katika mwisho wa mchezo, kete inayofanya kazi ni bora kuliko kete mbili zilizolala. Mnara mweusi ulikula, lakini kila ulipokula ulikuwa mbali na mfalme wake aliyehitaji msaada. Katika mashindano yale Lasker alichukua nafasi ya kwanza, na Capablanca ya pili.

Mtu asidhani kwamba fundi huyu hakukosea kamwe. Mwaka 1927 alipambana na Alexander Alekhine, Mrusi aliyekaa Ufaransa, katika mji wa Buenos Aires huko Argentina. Wengi walisema Capablanca atashinda kwa urahisi. Walicheza michezo 34, toka Septemba mpaka Novemba. Michezo 25 iliisha bila mshindi. Alekhine alishinda sita, Capablanca mitatu. Na mchezo ule wa mwisho, uliomnyang'anya ubingwa, ulikuwa mchezo wa namna gani? Ulikuwa mwisho wa minara na askari, kama ule wa New York. Alekhine alikuwa na askari mmoja wa pembeni kabisa, katika mstari wa a. Kete nyeusi zikalazimika kumchunga huyo, na wakati zinamchunga, mfalme mweupe akaenda upande wa pili wa ubao penye askari wengine. Alekhine alikuwa amejifunza sana katika michezo ya Capablanca, akaujua ufundi wake. Siku iliyofuata Capablanca hakurudi mezani. Alituma barua ya kukubali kushindwa.

Hakupata tena nafasi ya kushindania ubingwa na Alekhine, ingawa aliitafuta kwa miaka mingi. Aliendelea kucheza na kuandika. Mwezi wa Machi 1942 alikuwa katika chumba cha wachezaji wa sataranji huko New York, akitazama wenzake wakicheza, akaanguka kwa ugonjwa wa ghafula. Akafa siku iliyofuata, akiwa na miaka 53.

Sasa rudini kwenye ubao wenu wa chaki. Mfalme mweupe e4, mfalme mweusi e6, kama mara ya kwanza. Lakini askari mweupe msimweke e3. Mwekeni chumba kimoja nyuma, e2. Zamu ni ya weupe. Mliona kwamba askari akiwa e3 na zamu ikiwa ya weupe, hakuna mshindi. Safari hii weupe wanaweza kushinda. Wacheze kete ipi?